Kisa, Msuko na Nyakati za Kitenzi: Kuzisimulia kwa Kiswahili Tamthilia za Marekani Zilizopata Tuzo

Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi anapotakiwa kueleza msuko wa tamthilia, aghalabu huanza na kitenzi kimoja chenye -li- kisha huachia mlolongo wa -ka-: mchuuzi alizeeka, akafukuzwa kazi, akagombana na mwanawe, akajiua. Umbo hili ni urithi wa hadithi za jioni, na mahali pake halina dosari. Kiambishi -ka- huunga kitendo na kitendo kama ushanga katika uzi. Msikilizaji hujua kwamba kila kinachotajwa kimefuata kile kilichotangulia. Hata hivyo, zipo matini zisizokubali kutungwa hivyo, na miongoni mwazo ni tamthilia mashuhuri za Marekani, hasa zile zilizotunukiwa tuzo kubwa katika karne ya ishirini na mwanzoni mwa karne hii. Anayezisimulia kwa -ka- hukipata kisa chake kizima, lakini msuko humponyoka.

Tofauti ya istilahi hizi mbili inajulikana, ingawa haizingatiwi ipasavyo. Kisa ni matukio kwa mfuatano wa kutokea kwake. Msuko ni mpangilio ambao kwao mtazamaji huyapata matukio hayo. Neno lenyewe latokana na kusuka, na anayesuka mkeka anajua kwamba jani moja la ukindu hupita chini ya jingine, hupotea machoni, kisha huibuka mbele likiwa bado ni lilelile. Katika tamthilia zitakazojadiliwa hapa, jani lililopotea ndilo linaloshika kazi yote.

Hoja ya mhadhara huu ni kwamba nyakati za kitenzi cha Kiswahili zinatosha, tena zinatosha vizuri, kuionyesha misuko hiyo, iwapo msimulizi atazigawia kazi. Yanayotendeka jukwaani yasimuliwe kwa -na-, kama yanavyoandikwa maelekezo ya jukwaani katika tamthilia zetu wenyewe. Yaliyotokea kabla ya pazia kufunguliwa, nayo yakafichuka baadaye, yabebwe na -li- au na kitenzi ambatani cha namna ya alikuwa amefanya, na yatajwe pale tu yanapofichuka. Kiambishi -ka- kibakizwe kwa wahusika wenyewe, wanapoketi na kuhadithia. Kanuni hii ina mahali inapovunjika, na mahali hapo patakuwa na faida kuliko kanuni yenyewe.

Kuhusu tuzo

Tuzo ya Pulitzer, inayosimamiwa na Chuo Kikuu cha Columbia mjini New York, ilianza kutolewa kwa tamthilia mwaka 1918. Tuzo ya Wahakiki wa Tamthilia wa New York ilianza mwaka 1936, kwa sehemu kwa sababu wahakiki hawakuridhishwa na uteuzi wa Pulitzer. Tuzo ya Tony ikaanza mwaka 1947. Tuzo si mizani ya ubora. Mwaka 1963 waamuzi wa Pulitzer waliipendekeza Who's Afraid of Virginia Woolf? ya Edward Albee. Bodi ikakataa, mwaka huo tamthilia yoyote haikupewa tuzo, na waamuzi wawili wakajiuzulu. Leo ni watu wachache wanaoona kwamba bodi ilitenda busara. Tuzo hapa zinatumika kama chekecheke tu ya kupunguza wingi wa kazi zilizopo.

Chekecheke hiyo inaonyesha jambo moja la kuvutia. Kazi nyingi kati ya hizo zinaanza baada ya tukio kubwa kwisha kutokea. Mbinu hii haikuzaliwa Marekani. Msomaji aliyeisoma tanzia ya Sofokle, ambayo Samuel Mushi aliifasiri kwa Kiswahili kwa jina la Mfalme Edipode, ataikumbuka: mfalme amekwisha muua baba yake na kumwoa mama yake kabla ya neno la kwanza kutamkwa, na tamthilia nzima ni safari ya kulijua hilo. Henrik Ibsen wa Norway aliirejesha mbinu hiyo katika nyumba za watu wa kawaida kwenye karne ya kumi na tisa, na Arthur Miller alikuwa mwanafunzi wake kiasi cha kuiandika upya tamthilia ya Ibsen, An Enemy of the People, mwaka 1950. Kwa hiyo ni sawa kuanza na Miller.

Mchuuzi na chumba cha Boston

Death of a Salesman, yaani kifo cha mchuuzi, ilionyeshwa mara ya kwanza New York Februari 1949, ikapata Pulitzer, Tony na tuzo ya wahakiki. Willy Loman, mchuuzi wa kusafiri mwenye umri wa miaka 63, anarejea nyumbani usiku akiwa na masanduku yake mawili ya sampuli. Safari imemshinda; gari lilikuwa likimtoka barabarani. Mkewe Linda anampokea. Wana wao wawili, Biff na Happy, wamelala ghorofani. Toka hapo hadi Willy anapoliendesha gari kwa kasi kwenda kujiua ili familia ipate bima ya dola 20,000, wakati unaopita jukwaani ni takriban siku moja tu.

Sasa na tukitazame kisa chenyewe kwa -ka-. Biff alifeli hesabu, akapanda treni kwenda Boston kumwomba baba yake azungumze na mwalimu, akagonga mlango wa chumba cha hoteli, akamkuta baba yake na mwanamke asiyekuwa mama yake, akalia, akaondoka. Kisha? Hakuurudia mtihani. Hapa mlolongo unakatika, na haukatiki kwa bahati mbaya. Katika Kiswahili sanifu -ka- ya usimulizi haina umbo lake lenyewe la ukanushi. Ni kiambishi cha mambo yaliyotendeka. Nayo tamthilia ya Miller imejengwa juu ya lile ambalo halikutendeka: mtihani usiorudiwa, chuo kisichoingiwa, miaka kumi na mitano na ushei ambayo Biff hakutulia na kazi yoyote. Msimulizi wa -ka- hulazimika kuuvunja uzi wake mahali palepale penye uzito, na asipokuwa mwangalifu huunganisha upesi na kuendelea.

Tukio la Boston ni la kwanza katika kisa. Katika msuko ni miongoni mwa ya mwisho. Kabla yake mtazamaji ameonyeshwa dalili tu. Linda anawaambia wanawe kwamba amegundua mpira wa gesi uliofichwa, akijua baba yao anakusudia nini. Anasikika mwanamke akicheka, na kicheko hakina maelezo. Bernard, jirani aliyekuwa akimsaidia Biff masomo na sasa ni mwanasheria anayekwenda kusimama mbele ya Mahakama Kuu ya Marekani, anamuuliza Willy swali moja la upole: kulitokea nini Boston? Willy anakasirika kuliko swali linavyostahili. Muhtasari unaotaja Boston katika sentensi ya pili unamnyima msomaji swali la Bernard, maana hakuna anayeuliza lililokwisha jibiwa.

Na hapa ndipo kanuni iliyotolewa hapo juu inapovunjika. Kwa kanuni hiyo, Boston ingepaswa kusimuliwa kwa -li-, kwa kuwa ni jambo la kale lililofichuka. Lakini Miller hakulifichua kwa maneno. Willy yumo mgahawani, Biff anajaribu kumweleza kwamba hakuupata mkopo alioutaka, na papo hapo mlango wa hoteli unagongwa, mwanamke anacheka, kijana analia. Hakuna anayekumbuka kitu; kitu kinatokea. Miller mwenyewe alikataa kazi yake isielezwe kuwa ina mbinu rejeshi. Alichotaka ni wakati uliopita na uliopo kwenda pamoja, na jina la awali aliloifikiria tamthilia lilimaanisha undani wa kichwa cha mtu huyu. Kwa Willy, Boston haina -li-.

Basi muhtasari mwaminifu wa Kiswahili utasema: Biff anagonga mlango. Utatumia -na- kwa tukio la mwaka wa ujana wa Biff na -na- kwa mkate na pombe vilivyo mezani mgahawani, bila alama ya mpaka, nao wahusika wengine watabaki na -li- yao. Happy husema baba alikuwa hivi; Linda husema alikuwa vile. Ni Willy peke yake aliyepotewa na kiambishi. Wanafunzi waliofundwa kuandika neno “kisengerenyuma” pembeni mwa ukurasa na kufunua ukurasa unaofuata wamelipa jambo jina bila kuliona.

Kaburini, katika sehemu ya mwisho, Linda anamwambia marehemu kwamba malipo ya mwisho ya nyumba yamefanywa siku hiyohiyo, baada ya miaka 25. Nyumba imelipwa. Kiswahili kina bahati ya kuwa na -me-, ambayo hueleza kitendo kilichotimia na hali iliyobaki kwa pamoja. Hali iliyobaki ni nyumba isiyo na deni, isiyo na mwenyewe. Iwapo bima nayo ililipwa, tamthilia haisemi.

Siku moja isiyosonga mbele

Eugene O'Neill alikwisha pata Pulitzer mara tatu na Nobeli mwaka 1936 alipoandika Long Day's Journey into Night kati ya 1939 na 1941. Alitaka isitolewe hadharani hadi ipite miaka 25 tangu kifo chake. Alifariki mwaka 1953; mjane wake akairuhusu, ikaonyeshwa Stockholm mwaka 1956, na Pulitzer ya nne ikaja mwaka 1957.

Matukio yake jukwaani ni haba mno. Siku moja ya Agosti 1912, tangu asubuhi hadi usiku wa manane, familia ya Tyrone inakula, inakunywa na kulaumiana. Edmund anathibitishiwa kuwa ana kifua kikuu. Mary, mama yao, anarudia mofini. Anayekitafuta kisa kwa -ka- atamaliza kwa mistari mitatu na kudhani kwamba amesoma kazi tupu. Utajiri wote umo katika vitenzi ambatani: Mary alikuwa amepewa mofini mara ya kwanza na daktari wa bei nafuu alipomzaa Edmund; Jamie, kifunguamimba, alikuwa amemwambukiza surua mdogo wake mchanga, naye akafa; baba alikuwa ameuza kipaji chake cha uigizaji kwa mchezo mmoja uliompa fedha. Kila kauli ya namna hii inapotamkwa, aliyelaumiwa hujibu kwa kauli nyingine iliyo nyuma zaidi. Siku husonga mbele kwa saa, mazungumzo hurudi nyuma kwa miaka, na mwishoni Mary anashuka ngazi akiburura gauni lake la harusi huku akisema kama msichana aliye bado katika shule ya watawa. Ameipita hata ndoa yenyewe.

A Streetcar Named Desire ya Tennessee Williams, iliyopata Pulitzer mwaka 1948, ina siri ya aina hiyohiyo, ila mfichuaji ni adui. Blanche anafika kwa nduguye New Orleans akiwa na sanduku la nguo na maelezo ya heshima. Shemeji yake Stanley anakwenda kuyachunguza yaliyompata alikotoka, na kila anachokigundua anakigeuza silaha. Kinyume chake ni Our Town ya Thornton Wilder, Pulitzer ya mwaka 1938, ambamo msimamizi wa jukwaa anatuambia mapema ni nani atakufa na wapi. Kijana anayegawa magazeti asubuhi atafia vitani Ufaransa. Tunaelezwa hivyo naye angali amesimama na magazeti yake. Hiyo ni tamthilia ya -ta-, na haina siri.

Wahusika wanaohadithia

Imesemwa kwamba -ka- ibakizwe kwa wahusika. Mfano ulio bora ni Fences ya August Wilson, iliyopata Pulitzer na Tony mwaka 1987. Troy Maxson, mzoa taka wa Pittsburgh mwaka 1957, huketi na rafiki yake Bono siku ya malipo, chupa ikiwa kati yao, na kuhadithia. Mandhari yake msomaji wa pwani ataitambua bila kuonyeshwa: ni baraza. Troy anasimulia jinsi Mauti yalivyomjia, akapigana nayo mweleka, akayashinda. Mkewe Rose anamkatiza: alikuwa hospitali, anaumwa nimonia. Hapa -ka- na -likuwa zinagongana jukwaani kama watu wawili. Mume ana hadithi, mke ana habari.

Troy ana umbo jingine la kitenzi ambalo tafsiri isiyo makini ingelipoteza, nalo ni -ngali-. Alikuwa mchezaji hodari wa besiboli katika ligi za watu weusi, na ligi kubwa zilipofunguliwa umri ulikuwa umempita. Angalicheza. Yote anayoyatenda yanatokana na sharti hilo lisilotimia: anamzuia mwanawe Cory asicheze mpira chuoni, akidai anamkinga. Nyumba anayoishi imenunuliwa kwa fedha za fidia ya nduguye Gabriel, aliyejeruhiwa kichwani vitani. Mwanamke aliyezaa naye nje ya ndoa, Alberta, hatumwoni hata mara moja. Tunampata katika maneno ya watu, kisha katika kichanga anachokileta Troy mikononi. Kanuni ya lililo nje ya jukwaa haipatikani kwa ustadi zaidi ya huo.

Kuhusu -ka-, tamthilia ya Albee iliyotajwa mwanzoni ina la kuongeza, na ni la kuogofya. Mume na mke, George na Martha, wanawasimulia wageni habari za mtoto wao wa kiume: alizaliwa, akakua, akavunjika mkono. Mlolongo ni safi. Mtoto hayupo, wala hajawahi kuwapo. Usimulizi uliofungamana kupita wote katika kazi nzima ndio wa uongo.

Kutoka Pennsylvania hadi Ituri

Lynn Nottage ndiye mwanamke wa kwanza kupata Pulitzer ya tamthilia mara mbili. Ya pili, Sweat, ya mwaka 2017, inafaa kutajwa kwanza kwa kuwa muundo wake uko wazi. Inaanza mwaka 2008: vijana wawili, Jason na Chris, wametoka gerezani, na kila mmoja yuko mbele ya ofisa anayewasimamia. Wametenda jambo, halitajwi. Kisha jukwaa linarudi mwaka 2000, katika baa ya wafanyakazi wa kiwanda mjini Reading, Pennsylvania, na msiba unakuja taratibu: rafiki mmoja anapandishwa cheo, wengine wanafungiwa nje ya kiwanda, Oscar, kijana mhudumu wa baa, anakubali kufanya kazi waliyoiacha, nao wanamshambulia. Anayeumia kupita wote ni Stan, mwenye kaunta, aliyejaribu kuamua ugomvi. Mtazamaji aliyekuwa akijiuliza walitenda nini anaondoka akijiuliza jambo jingine: ni kwa hatua ipi watu hawa wangaliweza kurudi nyuma?

Tuzo ya kwanza ya Nottage, ya mwaka 2009, ilikuwa kwa Ruined, na kwa msomaji wa Kiswahili kazi hii haipo ng'ambo. Matukio yake yamewekwa katika mji mdogo wa machimbo huko Ituri, Kongo, nchi ambayo Kiswahili ni lugha ya soko na ya njia. Mwandishi alikwenda Uganda mwaka 2004 kuwasikiliza wanawake wakimbizi waliotoka Kongo. Mama Nadi ana baa, na anawauza wasichana wake kwa askari wa serikali na kwa waasi pia, mradi bunduki ziachwe mlangoni au risasi zitolewe. Christian, mchuuzi, anamletea wasichana wawili. Mmoja, Salima, alitekwa na kushikwa miezi mitano. Mumewe Fortune alikuwa amekwenda kununua sufuria siku walipomchukua. Mwingine, Sophie, mpwa wa Christian, ana jeraha la ubakaji lisilomruhusu hata kuwa kahaba, naye ndiye anayeitwa kwa neno lililo jina la tamthilia.

Msuko unasonga mbele kwa utaratibu, na mtu angeweza kudhani kwamba -ka- ingetosha safari hii. Salima anafia jukwaani, na mimba asiyoitaka. Mama Nadi anatoa almasi yake ili Sophie apelekwe kutibiwa, lakini mnunuzi wa madini anaondoka na almasi na kumwacha msichana. Ndipo, katika onyesho la mwisho, Christian anamwomba Mama awe wake, naye anakataa na kukataa, hadi anapolitoa alilolificha tangu mwanzo: yeye mwenyewe yumo katika hali ya Sophie. Mtazamaji hulazimika kurudi na kuupima upya ukali wake wote, na ile almasi.

Mfasiri atakayeileta kazi hii katika Kiswahili atakwama kwenye sentensi hiyo fupi. Kiingereza kina neno moja, nalo halisemi kama kuna aliyetenda. Kiswahili hakimwachii mzungumzaji nafasi hiyo. Nimeharibika, kwa kauli ya kutendeka, humweleza mwanamke kama chombo kilichoacha kufaa, na mtenda hayupo. Ndivyo wanavyosema wateja wa baa, na ndivyo Fortune alivyomtazama mkewe alipomfukuza. Nimeharibiwa, kwa kauli ya kutendwa, humwachia mtenda kiti kitupu ambacho kila msikilizaji anakiona. Waliniharibu humketisha kitini, kwa wingi, na kwa -li-. Kwa sehemu kubwa ya tamthilia kauli ya kwanza ndiyo inayotawala kinywani mwa kila mtu, akiwemo Mama Nadi anapompokea Sophie kwa kusitasita kama anayekagua bidhaa. Iwapo mwishoni atatumia kauli ileile kwa nafsi yake, atakuwa amejihukumu kwa lugha ya wateja wake. Iwapo atabadili kiambishi kimoja tu, Christian aliyesimama mbele yake, na ukumbi mzima nyuma yake, watakuwa wamesikia kitu ambacho matini ya Kiingereza imekinyamazia, na mfasiri itampasa kuamua kama anayo haki ya kukisema.